Soksi za Sh 35,000 na mteremko wa Mweka

Nimevaa soksi za nchi nyingi bila kufika hata moja kati ya nchi hizo. Ukiwa mwongoza watalii Kilimanjaro, siku ya mwisho, bakshishi zikishatolewa, wageni hugawa vitu wasivyotaka kurudi navyo kwenye ndege, na soksi ndizo za kwanza kutoka kwenye begi. Ninazo za Ujerumani, za Marekani, za Japani. Kwa hiyo kuhusu soksi asinibishie mtu, hasa mtu anayeshinda amekaa kaunta.

Zote hizo, hata zinazojisifu kwa sufu ya merino, ukigeuza lebo ya ndani unakuta maandishi madogo: nailoni, spandeksi. Spandeksi, ule uzi wa plastiki unaovutika kama lastiki, ndiyo inayozishika zisiporomoke. Sina ugomvi mkubwa nayo, ila miguu yangu huvimba nikishakaa juu siku kadhaa, na ile lastiki inanichora mstari chini ya goti unaowasha mpaka nakosa usingizi hemani. Tena lastiki ikifa, imekufa na soksi nzima. Sufu yake bado nzima kabisa, lakini unaishia kuifutia viatu. Niliposikia kuna watu hapahapa Moshi wanauza soksi za pamba na sufu tupu, zinazovutika, bila hata unyuzi mmoja wa plastiki, nilikuwa katika wateja wa mwanzo mwanzo. Jozi Sh 35,000. Kwa hela hiyo Soko la Memorial natoka na mfuko umejaa soksi za mtumba. Sikujali. Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, nyingi inaondoka nchini ikiwa marobota, halafu tunakuja kununua soksi walizokwisha kuvaa wenzetu. Nikasema hawa niwaunge mkono.

Haki yao niwape: kwenye nyayo wamefanya kazi. Pamefumwa nene, sufu imechanganywa na pamba, hapachomi, na mshono wa vidoleni huusikii kabisa. Tumeingia lango la Machame na yale matope ya msituni, tumefika hadi kambi ya Barafu, sijapata lengelenge hata moja. Harufu? Waulizwe niliolala nao hema moja. Sufu inaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujasikia kwamba umelowa, na hilo unalijua jioni ukivua buti ukakuta mguu umekauka. Nikawasifia hao jamaa kambini, mbele ya wapagazi wote, kwa sauti.

Sasa huu mlima, watu wanaogopa kuupanda, lakini soksi inajulikana kwenye kushuka. Ukitoka Uhuru, mita 5,895, unarudi Barafu, unavuta pumzi kidogo, kisha siku hiyohiyo unateremka hadi kambi ya Mweka, kwenye mita kama 3,100. Huku juu ni vumbi na kokoto zinazoteleza. Kila hatua mguu unasukumwa mbele ndani ya buti, kisigino kinapanda na kushuka, na kama soksi ina udhaifu popote, hapo ndipo utauona.

Chini kidogo ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, nikaanza kusikia baridi kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Nikadhani buti imelegea. Hapana, ni soksi: mdomo wake ulikuwa umeshaachia shavu la mguu na unashuka. Ikapita kifundo, ikaingia ndani ya buti, ikaanza kujikusanya chini ya kisigino. Na mimi nimemshika mkono mama mmoja wa watu ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kazi, siwezi kumwachia, siwezi kukaa kwenye kokoto kwenye ule upepo nikafungua kamba za buti. Nikashuka hivyohivyo. Soksi ya kushoto nayo ikaona isibaki nyuma. Nilipovua buti Barafu, zote mbili zilikuwa zimelala kwenye unyayo, kisigino kimechunika, na kucha ya kidole gumba imeanza kuwa nyeusi. Kijana mmoja wa jikoni akaja na chai, akaangalia, akaniuliza kwa heshima zote, "Kiongozi, ndizo zile za elfu thelathini na tano?"

Nikazifua, nikazikausha, nikazipeleka dukani zikiwa kwenye mfuko wao wa karatasi. Nilikwenda na upole wangu wote. Yule dada hajui ni upole kiasi gani nilikuwa nao asubuhi ile.

"Dada, hizi soksi zinashuka."

"Zinashuka wapi?"

"Mweka."

Hakucheka. Akaziinua kwa vidole viwili. "Ulizifua na maji ya moto?"

"Zilishuka kabla sijazifua. Nilikuwa mlimani."

Akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu. "Kwani anko wewe ni mpagazi?"

Nikamwambia ni mwongozaji, ila mizigo nimebeba miaka mingi kabla ya hapo. Akatikisa kichwa kama aliyepata jibu la fumbo lake. "Basi ndiyo maana. Hizi zimebuniwa kwa ajili ya wageni. Nyie miguu yenu ni ya kazi."

Naomba msome tena hiyo sentensi, maana mimi nimeisoma kichwani kila siku tangu hapo. Soksi za kupandia mlima, ukutani kuna picha ya Kibo, duka liko Moshi, na hazikukusudiwa miguu ya kazi. Mgeni anapanda mlima huu mara moja maishani na kibegi chenye chupa ya maji. Mpagazi anabeba hadi kilo 20, kwa kiwango cha hifadhi, na wiki inayofuata anarudi tena. Sasa nani anayehitaji soksi isiyoshuka? Hapo hapo kichwani mwangu nikawapa nyota sifuri. Ningewapa chini ya sifuri kama ingewezekana.

Kisha akaongeza ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. "Anko, ukitaka zishike nunua za spandeksi. Bila spandeksi soksi haishiki, ndiyo ilivyo."

Uongo! Unauza soksi zisizo na spandeksi, halafu unamwambia mteja kwamba bidhaa yako haiwezekani?

Ukitembea na wageni siku sita saba unaongea nao mengi, na niliwahi kutembea na mzee mmoja aliyefanya kazi viwanda vya nguo maisha yake yote. Yeye ndiye aliyenipa somo hili, nami baadaye nikalisoma mwenyewe. Mashine ya kufuma soksi aliibuni Mwingereza William Lee mwaka 1589. Spandeksi imegunduliwa 1958, Marekani, na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Hesabu mwenyewe hiyo miaka ya katikati. Watu walipigana vita, wakavuka bahari, wakapanda milima ya kwao wakiwa na soksi. Ni kweli wengi walizifunga kwa mikanda chini ya goti, na sisi shuleni tulizifunga kwa rababendi mpaka mguu unakufa ganzi. Lakini ufumaji wenyewe una njia zake. Tazama mkononi mwa sweta la shule, pale penye mistari inayoinuka na kuzama: uzi ni uleule wa tumboni mwa sweta, ila umefumwa mbele na nyuma kwa zamu, kwa hiyo unajikunja wenyewe na ukivuta unafunguka. Hakuna lastiki pale.

Na hawa jamaa mistari hiyo wameiweka, sitawanyima. Dukani niliingiza mikono yote miwili nikavuta, soksi ikafunguka mpaka yule dada akasema "umeona inavyovutika?" Kuvutika nimeona. Kurudi ndiko sikuuliza, na hakuna aliyenieleza. Mdomo wa soksi, mahali pekee panapotakiwa kushika, wameufuma kwa pamba tupu, ya kawaida, iliyosokotwa kilegevu ili iwe laini. Pamba ya namna hiyo ukiivuta ni sawa na kumkopesha shemeji: inakwenda vizuri sana, kurudi ndiyo shida. Sufu kwa asili yake ina mawimbi, ukiinyoosha inataka kurudi ilivyokuwa. Wao sufu wameificha chini, kwenye unyayo, mahali ambapo hapahitaji kuvutika sana, halafu juu wakaweka pamba. Wakageuza soksi kichwa chini miguu juu.

Lakini pamba nayo nisiionee. Kwenye begi langu la huduma ya kwanza nina bandeji za krepu, zile za pamba za kufungia mguu ulioteguka. Hazina lastiki na zinavutika. Zikilegea unazifua, zikikauka zinajikunyata tena. Siri yake ni msokoto: uzi umesokotwa kwa nguvu kupita kiasi, mpaka wenyewe unataka kujiviringisha. Kwa hiyo pamba inaweza. Bandeji ya duka la dawa inaweza, soksi ya Sh 35,000 inashindwa. Hapo mwenye kesi si mkulima wa Maswa, ni aliyekaa mezani akachora soksi bila kuivaa kwenye mteremko.

Wapo watakaosema si wangeweka mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti? Tena miti hiyo tunayo, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Unachukua uzi wa mpira, unauzungushia pamba, umepata lastiki isiyo na plastiki. Kwa mtu wa ofisini sawa. Kwangu hapana: mpira wa asili hauelewani na jua wala mafuta, na sisi soksi tunaanika juu ya hema kwenye jua la uwanda wa Shira linalobabua pua. Ungekauka na kupasuka mapema tu, halafu ngozi za watu wengine hazipatani nao.

Nilizifanyia nini basi? Dukani walikataa kurudisha hela, walikataa kubadilisha, eti nimeshazivaa. Nikaenda nazo Mbuyuni kwa fundi anayefuma masweta ya shule. Hakuniuliza mimi ni nani. Akaingiza ngumi kwenye mdomo wa soksi, akaitoa, akaangalia jinsi ulivyobaki wazi, akacheka. "Mangi, huyu amefuma kwa kipimo cha mguu wako. Mdomo unafumwa mdogo kuliko mguu, ndiyo ushike. Ukilingana na mguu, unashikaje?"

Hayo maneno machache yana ubunifu kuliko duka zima lile na picha yake ya Kibo. Akafumua pamba yote ya juu. Akachukua sweta la mtumba la sufu, akalifumua nalo, akapata uzi. Akafuma mistari mbili mbele, mbili nyuma, ndogo kiasi kwamba nilidhani amenitania, akaipandisha hadi karibu na goti ili kubana kugawane sehemu kubwa badala ya kamstari kamoja kanakokata nyama. Katikati ya unyayo, kwenye upinde, akaongeza mistari mingine ya kushikilia soksi isizunguke. Elfu tano.

Nimeshuka nazo Mweka tena, msimu uleule kabla mvua hazijakolea, na safari nyingine baada ya hapo. Hazikusogea. Miguu ilivimba kama kawaida yake, soksi ikafunguka ikaupokea mguu, uvimbe ulipopungua ikarudi. Sina mstari chini ya goti, wala muwasho. Ni soksi nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, zikiwemo za Wajapani. Na hili ndilo linalonikasirisha zaidi kuliko kile kisigino! Kama zingekuwa takataka ningezitupa nikasahau. Hawa jamaa walikuwa wamebakiza kipande cha juu tu, sentimita chache za sufu na mtu mmoja wa kuwaambia wapunguze kipimo. Wakaona ni rahisi zaidi kumpunguza mteja.

Nyota basi. Unyayo nyota tano, mdomo moja, huduma nimeshasema. Jana nilikuwa nimepanga kuandika watu wasinunue. Leo nasema nunueni, lakini mkienda nazo mlimani kama zilivyo mtanitafuta. Fundi ananiambia akipewa soksi zao hata kumi atazigeuza zote, ila kuzifuma mwanzo mwisho hawezi, uzi wa unyayo ule yeye hana pa kuupata. Hiyo ndiyo shida yangu sasa, maana msimu wa wageni unakaribia na jozi moja hainitoshi, na dukani pale nimeapa sikanyagi.

Nimemtuma mama watoto akachukue jozi mbili, azipeleke Mbuyuni moja kwa moja. Akiulizwa ni za nani, nimemwambia aseme ni za mgeni.