Dawa za maumivu: ununue ipi ukiwa hujala

Malalamiko ya wasomaji yamefanana mno: "Nilimeza dawa asubuhi kwa chai ya rangi, kichwa kikapoa, tumbo likaanza kuwaka." Ukiuliza dawa gani, jibu ni lile lile: "Sijui, nilipewa viwili."

Tatizo ni mkasi. Muuzaji anakata stripu, kipande chenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi kinabaki kwake, wewe unaondoka na bahasha imeandikwa "2x3", yaani viwili mara tatu kwa siku. Ikiwa ndani ni parasetamoli ya mg 500, 2x3 ni mg 3,000 kwa siku, hakuna neno. Ikiwa ni ibuprofeni ya mg 400, umefika mg 2,400, mara mbili ya kiwango cha kujinunulia bila daktari. Ikiwa ni diklofenaki ya mg 50, ni mg 300, na mwisho wake ni 150. Bahasha ile ile, maandishi yale yale! Na kuhusu chakula haisemi lolote.

Basi nimepanga hivi.

Ya kwanza ni Panadol ya kawaida, yaani parasetamoli, na sifichi kwamba naipendelea. Haihitaji chakula, ukiwa umeshiba sana hata inachelewa kidogo kufanya kazi. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuimeza na tende na maji, kabla futari haijatengwa. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2, husubiri angalau saa 4, na havizidi 8 kwa saa 24. Hatari yake haiko tumboni, iko kwenye ini, na wengi huzidisha bila kujua kwa sababu dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Panadol Extra ina kafeini mg 65 kwa kidonge, hivyo si ya kumeza usiku. Parasetamoli za bei ya chini ni dawa ile ile, mradi ununue stripu nzima.

Ya pili ni ibuprofeni, mg 200 au 400, maarufu kwa jina la Brufen. Kwa jino, hedhi au kifundo kilichoteguka, naona inaishinda Panadol. Lakini hii ndiyo ya kula kwanza, na chai ya rangi si chakula. Chakula ni bakuli la uji, sahani ya wali, au angalau glasi ya maziwa na mkate. Imeze kwa glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa. Kidonge kikinasa kooni kinaunguza. Usizidishe mg 1,200 kwa siku.

Ila msidanganyike na shibe. Chakula hupunguza kuwaka tu. Dawa ikishaingia kwenye damu huzuia kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo, hata uwe umekula ugali wa watu wawili. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito aiache mpaka aongee na daktari. Mwenye pumu aulize kwanza. Na homa isiyojulikana, hasa Dar es Salaam ambako dengue ililipuka 2019, itulize kwa parasetamoli: ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu.

Nafasi ya mwisho nazipa dawa za mchanganyiko. Diclopar ina diklofenaki na parasetamoli pamoja, kwa hiyo ule kwanza, usiongeze Panadol juu yake, wala usiichanganye na ibuprofeni. Aspirini nayo ni ya baada ya kula, na asipewe aliye chini ya miaka 16.

Ukiomba kuona stripu kabla haijakatwa, utaambiwa, "Dada, unaumwa au unakagua?" Jibu unakagua. Ipige picha kwa simu upande wenye jina, miligramu na tarehe, ndipo mkasi upite. Kalamu ya kuandika 2x3 wanayo. Kuandika jina la dawa wanashindwa nini?