GIMP na kitufe cha kuhifadhi chaguo-msingi: mwaka mzima wa kukibonyeza

Nauza vipuri vya cherehani mtandaoni: bobini, mikanda, mota, sindano za kila namba. Kila kipuri nakipiga picha tatu au nne, kwa hiyo siku ya mzigo mpya napitisha picha kama 60 kwenye GIMP. Ni programu ya bure ya kuhariri picha, kazi iliyoanzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kwa hiyo kuhusu bei sina neno. Ninachotaka kukizungumzia ni dirisha moja tu, lile linalofunguka unapohamisha picha kuwa JPEG. Kwenye kazi yangu, hapo ndipo ninaposhinda.

Kwa wasioijua: tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, kuhifadhi na kuhamisha ni vitu viwili tofauti. Ctrl+S inakupa faili la XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, lenye tabaka zako zote. Ukitaka JPEG au PNG, unabonyeza Shift+Ctrl+E. Watu walinung'unika sana wakati ule, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sasa nimezoea.

Mimi bado niko kwenye 2.10, ingawa 3.0 ilitoka Machi 2025. Katika dirisha lake la JPEG kuna kitelezi cha ubora, ambacho kiwandani kimewekwa 90, halafu visanduku kadhaa vya tiki, na chini kabisa kitufe cha kuhifadhi mpangilio uwe chaguo-msingi, na pembeni yake cha kuurudisha. Miaka miwili nilikuwa napita vitufe hivyo kama mtu anavyopita kibao cha barabarani asichokihitaji. Kila picha nashusha 90 hadi 82 kwa mkono. Mara 60. Siku nyingine naishia 81, siku nyingine 84, na ukurasa wa bidhaa unakuwa na picha zisizolingana.

Kwa nini 82? Sikuokota tu. Weka tiki kwenye kisanduku cha kuonyesha hakikisho ndani ya picha, na GIMP itakuonyesha papo hapo picha itakavyokuwa, pamoja na uzito wa faili. Nilijaribu na picha yangu ngumu kuliko zote: kasha jeupe la sindano lenye maandishi mekundu madogo. Bobini ya chuma haikusaidii kuamua lolote, hata kwenye 60 inapendeza. Maandishi mekundu ndiyo yanayosema ukweli. Na hapo ndipo nilipofahamu kazi ya ile sehemu ya chaguo za ziada: ukichagua 4:2:0, rangi inahifadhiwa kwa kina kidogo kuliko mwanga, na wekundu unavuja kandokando ya herufi kama wino kwenye karatasi yenye unyevu. Nikaweka 4:4:4, ambayo haipunguzi rangi hivyo, faili likanenepa kidogo, nikakubali.

Baada ya hapo nikabonyeza kuhifadhi. Nilifunga programu, nikafungua kesho yake: 82 ipo, 4:4:4 ipo. Raha.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni yangu mwenyewe. Kitufe hiki hakichagui. Kinachukua kila kinachoonekana dirishani wakati huo, kiwe ni uamuzi au ni majaribio. Jioni moja nilikuwa natafuta kijipicha chepesi sana, nikashusha ubora hadi 35, nikabonyeza kuhifadhi kwa mazoea ya kidole. Asubuhi nikahamisha picha 41, kila dirisha likifunguka naitikia kwa Enter bila kusoma, tena nikiandika juu ya faili za awali. Mota zote zilionekana kama zimefinyangwa kwa udongo. Nilizipiga upya.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mteja aliniandikia, "Kumbe tunakaa jirani, nikipita nichukue mwenyewe?" Sikuwa nimetaja ninakokaa popote. Simu yangu ilikuwa inaandika mahali ndani ya Exif, yaani taarifa zinazofichwa ndani ya faili la picha, na kisanduku cha kuhifadhi Exif kilikuwa na tiki ndani ya chaguo-msingi nililojiwekea kwa furaha. Nimeiondoa, nikahifadhi tena. Kwenye mapendeleo ya programu pia, sehemu ya kuingiza na kuhamisha picha, kuna tiki za namna hiyo hiyo. Nimezitoa na huko. Hapo hapo utakuta aina ya faili inayopendekezwa ni PNG, nami nimeibadili iwe JPEG.

PNG ina chaguo-msingi lake peke yake, ulichokiweka kwenye JPEG hakiigusi. Isikusumbue: kiwango cha mgandamizo cha 9 utakachokikuta humo hakipunguzi ubora hata chembe, kinaongeza muda wa kusubiri tu.

Kinachoniudhi kweli ni kwamba chaguo-msingi ni moja. Mimi nahitaji mawili: picha kubwa ya ukurasa wa bidhaa na ndogo ya orodha. darktable, programu nyingine ya picha ambayo nayo ni ya bure, inakuruhusu kuhifadhi mipangilio kadhaa ya kuhamisha, kila mmoja na jina lake. Hapa nimebaki na 82 kama kawaida, na ya orodha naishusha kwa mkono, safari hii vidole vikiwa mbali na kile kitufe. Tena ukiweka tiki kwenye kutumia ubora wa picha ya awali, namba yako inawekwa kando, kwa hiyo tupia jicho kisanduku hicho kabla hujashangaa.

Nilipopata kompyuta ya pili nilinakili faili linaloitwa parasiterc kutoka kwenye folda ya mipangilio ya GIMP, programu ikiwa imefungwa, na 82 yangu ikahamia nayo. Jina la ajabu, lakini limeniokolea kazi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vipimo: dirisha hili halipunguzi upana wa picha, kwa hiyo lazima kwanza uende kwenye menyu ya picha, upunguze pikseli, ndipo uje kuhamisha. Pembeni ya skrini yangu kuna kikaratasi kimeandikwa "1200 KWANZA", na bado juzi nimepandisha sindano moja yenye upana wa pikseli 4000.