Tathmini ya Huduma: Matamasha ya Saa Saba Mchana ya National Gallery, London, 1939–1946

Miongoni mwa burudani zilizowafikia wakazi wa London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ninayoipa alama za juu kuliko zote ni matamasha ya mchana ya National Gallery, jumba la michoro la taifa la Uingereza, na sababu yangu ya kwanza si ubora wa muziki wake, ingawa ulikuwa wa hali ya juu, bali ni namna ilivyoshika ratiba. Kuanzia tarehe 10 Oktoba 1939 hadi tarehe 10 Aprili 1946, Jumatatu hadi Ijumaa, saa saba mchana, mtu mwenye shilingi moja ya Kiingereza aliweza kuingia katika jengo lile la Trafalgar Square akijua kwamba atakuta muziki. Kwa mtu ambaye hakujua kama jioni ataikuta nyumba yake ingali imesimama, kuwa na jambo moja la kutegemea mchana hakukuwa anasa.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali iliamuru kumbi za sinema na za maigizo zifungwe, nayo michoro ya National Gallery ilikuwa imekwisha kuhamishiwa Wales kwa usalama, hata vyumba vikabaki na kuta tupu. Mpiga piano Myra Hess alimwendea mkurugenzi wa jumba hilo, Kenneth Clark, na pendekezo la kufanya matamasha ya mara moja moja. Clark akajibu kwamba yafanyike kila siku. Naona uamuzi huo ndio uliojenga huduma yenyewe, kwa kuwa tamasha la nadra lingebaki tukio la kuhadithiwa, ilhali la kila siku liliingia katika maisha ya kawaida ya karani, muuguzi na askari wa likizo. Siku ya kwanza Hess alipiga mwenyewe, waandaaji wakitarajia watu wachache tu, lakini waliofika walikaribia elfu moja na wengine wakaketi sakafuni.

Kantini nayo inastahili kutajwa. Iliendeshwa na wanawake waliojitolea, na sandwichi zake za asali na zabibu kavu zilipata sifa katika mji mzima, jambo lisiloshangaza ukikumbuka kwamba sukari, siagi na nyama zilikuwa za mgao. Mfanyakazi aliyekuwa na saa moja tu ya mapumziko alipata chakula na muziki mahali pamoja, bila kulazimika kuchagua kimojawapo. Faida ya matamasha ilipelekwa katika mfuko wa kuwasaidia wanamuziki, ambao wengi wao walikuwa wamepoteza kazi baada ya kumbi kufungwa, naye Hess hakujilipa kitu.

Jaribio halisi lilikuja na mashambulizi ya anga yaliyoanza Septemba 1940. Matamasha yalihamia vyumba vya chini ya ardhi, na jengo lenyewe likapigwa mabomu mwezi Oktoba. Siku moja ya mwezi huo kulikutwa bomu la kulipuka baadaye, basi wasikilizaji wakapelekwa chumba cha mbali upande mwingine wa jengo; bomu likalipuka kundi la wapiga ala za nyuzi wanne likiwa katikati ya kazi ya mtunzi Beethoven, nao wakaendelea kupiga. Wengi husifu ujasiri wa wanamuziki hao, na ni haki yao. Mimi nawasifu zaidi waliokata shauri asubuhi ile kwamba wasikilizaji wasirudishwe nyumbani, kisha wakatafuta chumba kinachofaa.

Jambo jingine lililoipandisha huduma hii machoni pangu ni uteuzi wa muziki. Watunzi wa Kijerumani Bach, Beethoven, Schumann na Brahms walipigwa bila kificho katika mji uliokuwa ukishambuliwa na ndege za Ujerumani, na tamasha la kwanza kabisa lilikuwa na muziki wa Beethoven. Waandaaji waliwaamini watu wazima kuwa wanaweza kutofautisha mtunzi wa karne zilizopita na serikali iliyokuwa ikiwaua, na watu wakaitikia: jumla ya matamasha ni 1,698, na waliohudhuria ni 824,152.

Hata hivyo, saa saba mchana katikati ya London haikuwa saa ya kila mtu. Mpagazi wa bandarini na mwanamke wa kiwanda cha silaha hawakuweza kufika, na upande wa mashariki, ulioumizwa vibaya mno na mabomu, ulikuwa mbali na Trafalgar Square kwa mtu anayehesabu dakika za chakula. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na vyombo vingine, hasa ENSA (chombo cha burudani kwa majeshi na wafanyakazi) na CEMA (baraza la kukuza muziki na sanaa), vilivyopeleka wasanii hadi viwandani. Pia aliyependa nyimbo za kuchezea dansi hakupata chake hapa.

Lalamiko langu kubwa ni namna huduma ilivyofungwa. Vita vilipokwisha, vyumba vilitakiwa kwa ajili ya michoro iliyokuwa ikirejea, na matamasha yakasimamishwa ingawa Hess alitaka yaendelee. Naelewa kwamba jumba la michoro lina kazi yake, lakini hadhira iliyokuzwa kwa zaidi ya miaka sita ilistahili kutafutiwa ukumbi mwingine, kwa saa ileile na kwa kiingilio kilekile, kabla ya mlango ule kufungwa.