Nilishusha nyuzi za gitaa mwenyewe, Arua: uzoefu wangu

Gitaa hili la nyuzi za chuma nililinunua Kampala, nikalipakata kwenye basi la usiku karibu kilomita 500 hadi Arua. Sauti yake tamu, ila kulipiga ilikuwa adhabu. Kodi ya F, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ilinishinda kuliko kodi ya nyumba. Wenzangu wa kwaya wakasema vidole vyangu bado laini, vitazoea tu. Miezi mitatu ikapita, wapi!

Ikabidi niazime rula ya shule ya binti yangu, nipime nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12, yaani kile kichuma cha 12 kilicholala kukatiza shingo ya gitaa. Uzi mnene: milimita 3.5. Uzi mwembamba: 2.7. Gitaa la aina hii huwa jepesi likiwa na kama 2.5 na 2. Kumbe vidole vilikuwa vinasingiziwa.

Nikaanza na shingo. Ukibana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14, pale katikati pabaki upenyo wa unene wa kadi ya muda wa maongezi. Kwangu ilikuwa inakaribia kupita kadi ya benki! Nikalegeza nyuzi, nikaingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) kwenye tundu la gitaa, nikakaza robo mzunguko kile chuma kinachopita ndani ya shingo na kuinyoosha. Kesho yake robo nyingine. Usiwe na pupa hapa, chuma hicho kikikatika ndiyo basi tena. Uzi mnene ukashuka hadi 3.2.

Kazi yenyewe ni kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja, kibao kilichobandikwa usoni mwa gitaa. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi, ukikipunguza milimita 1 nyuzi zinashuka nusu tu. Nilichora mstari kwa penseli, nikasugua upande wa chini kwenye msasa uliotandazwa juu ya kioo. Ule wa juu wenye mviringo usiuguse. Mstari ulikuwa milimita 1.4 kutoka chini. Nikanogewa, nikaupita: uzi mnene ukaishia 2.2.

Nikafunga nyuzi mpya namba 11, nyembamba kidogo, badala ya 12. F ikatoka safi jioni hiyohiyo, mke wangu akauliza nani amekuja kupiga gitaa. Msasa na alenki vilinigharimu shilingi 9,000. Fundi alikuwa ametaja 80,000.

Mbona basi kazi hii naipa nyota nne, si tano? Hayo yote niliyafanya Agosti, mvua zikinyesha. Mbao hunywa unyevu, uso wa gitaa ukavimba na kuziinua nyuzi. Januari kiangazi kikakausha kila kitu, uso ukarudi chini, na nyuzi zikaanza kugusa freti na kulia kama nyuki kwenye debe, tena katikati ya misa. Kama ningeheshimu ule mstari wa penseli ningesalimika.

Nilikata kijiukanda cha kadi ya muda wa maongezi, nikakitia chini ya kile kipande cheupe. Makelele yakaisha. Sasa kinakaa kwenye mfuko wa gitaa: mvua ikianza nakitoa, kiangazi nakirudisha.