Simu ya asiyeona: ipi ununue Mbeya, na ipi uiache kabatini

Juzi muuzaji mmoja pale Kabwe aliniambia, "Mzee, hii simu umeshaiharibu." Sikuwa nimeiharibu. Nilikuwa nimebana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, nikahesabu moja, mbili, tatu, nayo ikaanza kuongea. Kila alipogusa kioo ili aizime, simu ilimtajia alichogusa bila kukifungua, na alivyozidi kuhangaika ndivyo ilivyozidi kumjibu. Nikamwelekeza: gusa mara moja usikie, gusa mara mbili harakaharaka ifungue. Punde si punde alikuwa anawaita wenzake wa duka la jirani waje wasikie simu inayosema.

Kisa hicho nakitaja kwa sababu watu wanaonipigia kuuliza "nimnunulie mama kitu gani aingie mtandaoni, macho yake yamekwisha" wengi hudhani kuna simu maalumu ya wasioona, ya kuagiza Dar. Huihitaji. Kisoma skrini, yaani programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo, kimo ndani ya simu za kawaida tangu 2009. Mwaka huo Google walileta TalkBack kwenye Android, na Apple wakaweka VoiceOver kwenye iPhone 3GS. Chenyewe ni bure. Unacholipia ni simu yenye nguvu ya kukibeba, na hapo ndipo hela za watu zinapopotelea.

Kipimo changu ni kimoja: je, ataweza kutuma pesa na kuandika namba ya siri mwenyewe, bila kumwita mjukuu? Enzi zangu za kitochi, simu ya vitufe isiyonisomea chochote, namba yangu ya siri tuliijua watu watatu: mimi, mwanangu, na wakala wa pale mtaani. Salio lilipopungua sikuwahi kujua nimuulize nani kati ya hao wawili. Mpangilio ufuatao nimeupanga kwa kipimo hicho.

Ya kwanza: Android yenye RAM ya GB 4 kwenda juu

Anza na RAM, kumbukumbu ambayo simu inaitumia kufanyia kazi; rangi na kamera baadaye. TalkBack inafanya kazi muda wote, juu ya kila programu unayofungua. Simu ya GB 1 au 2 itaongea, ndiyo, lakini unagusa WhatsApp, kimya. Unagusa tena ukidhani hukugusa. Halafu inafungua na kufunga kwa mpigo. Anayeona huvumilia simu nzito kwa kuwa anaona kiduara kinazunguka. Wewe unasikia kimya tu, na kimya hakikuambii kama simu inafikiri au imezimika.

Kwa bei nilizotajiwa Kabwe na Mwanjelwa, laki tatu mpaka nne inakupa simu mpya ya namna hiyo. Ukikosa hela hiyo, bora iliyotumika yenye RAM ya kutosha kuliko mpya ya GB 2.

Baada ya RAM, ipapase. Kisoma alama ya kidole kiwe ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia, mahali kidole kinapafikia chenyewe. Kile kilichofichwa chini ya kioo hakina ukingo wala kishimo. Utakitafuta kama sarafu iliyoanguka gizani. Tundu la earphone za waya liwepo. Zile zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo. Kwenye muziki hutagundua, lakini ukiandika herufi kwa herufi utachoka. Na ukiwa barabarani vaa sikio moja tu, lingine waachie bajaji.

Betri iwe mAh 5000, maana umeme wetu unaujua. Kamera isiwe mbovu kabisa, kwani Lookout ya Google na Seeing AI ya Microsoft (ilifika kwenye Android Desemba 2023) zinatumia kamera hiyo kukusomea bili ya maji au boksi la dawa. Ila asikuuzie mtu kamera nne.

Sasa sauti. Hapa ndipo wengi hukata tamaa siku ya kwanza na kuirudisha simu kwenye boksi. Simu ikitoka dukani mara nyingi inasoma kwa sauti ya Kiingereza, na Kiswahili chako kinasagwa. "Umepokea" inakuwa kitu kama "yumpokia", na "tafadhali" siwezi hata kuiandika inavyotoka. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, pakua sauti ya Kiswahili ya Google. Imeandikwa ya Kenya. Usijali, Mwanjelwa inaitamka vizuri tu. Fanya hivyo kabla hujaondoka dukani, kwa bando lako mwenyewe, ili ikigoma muwe wote wawili bado kaunta. Ipo pia eSpeak NG, ya bure na nyepesi mno, inayojua Kiswahili. Inasikika kama mtu anaongea ndani ya debe, lakini ukiikimbiza kasi bado inaeleweka. Sisi tulioizoea hatuibadilishi.

Dakika kumi za kujaribu zinatosha. Washa kwa vile vitufe viwili. Ikigoma, mwambie muuzaji aiwashe kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Funika kioo kwa kitambaa. Piga namba yako. Andika ujumbe mfupi wa jina lako na uutume. Fungua ukurasa wowote wa habari, ushuke mpaka chini. Kisha iache mfukoni dakika chache, uitoe: bado inaongea? Simu nyingi za bei nafuu huua programu ili kutunza chaji, na TalkBack nayo huuawa humohumo. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya betri: iondolee kizuizi. Anayekununulia aifanye hiyo siku ileile, kwa sababu sauti ikifa ukiwa peke yako huna pa kuanzia isipokuwa vile vitufe viwili.

Kuhusu pesa, menyu za nyota na reli kama *150*00# zinasomwa, ila zina muda. Kisoma skrini kinaanza juu, kinashuka kwenye orodha nzima, na ukishapata pa kuandika menyu imeshajifunga. Tumia programu ya mtandao wako wa simu, yenyewe inakusubiri. Namba ya siri iandike ukiwa na earphone.

Kuandika kukikuchosha, kibodi ya Google inapokea Kiswahili cha kusema tangu 2017. Inahitaji mtandao uwe umetulia, na kelele za stendi inaziandika nazo.

Wasomaji wa Tukuyu, nawaonya peke yenu: tone la mvua likidondoka kwenye kioo, simu inalihesabu kuwa ni kidole. Nimewahi kumpigia simu mtu ambaye hatusemeshani, kwa sababu ya manyunyu tu. Tafuta paa kwanza.

Ya pili: kompyuta mpakato iliyotumika, pamoja na NVDA

Kwa kijana anayekwenda Mkwawa kusomea ualimu, au mtu yeyote wa kuandika kurasa nyingi, hii ndiyo ya kwanza na simu inafuata. NVDA ni kisoma skrini cha bure cha Windows. Kilianzishwa 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na James Teh, naye haoni, akaungana naye. Pengine ndiyo maana hakikupotezei muda: kwenye ukurasa wa mtandao unabonyeza H unarukia kichwa cha habari kinachofuata, hupitii takataka zote za juu. JAWS nayo ni nzuri na ya zamani zaidi, ila inalipiwa, na sioni kwa nini mtu wa Mbeya aanze nayo.

Dukani huna haja ya kupakua chochote ili kujaribu. Bana Ctrl, alama ya Windows na Enter kwa pamoja. Msimulizi wa Windows mwenyewe ataanza kusoma. Papasa herufi F na J uone kama vinundu vyake havijafutika. Uliza kizazi cha prosesa, ubongo wa kompyuta: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa mashine za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Diski iwe SSD, ile ya kasi. Na NVDA unaweza kuiweka kwenye flashi ukaichomeka kwenye kompyuta ya stesheneri, ikasoma bila kuingizwa kwenye mashine ya mtu.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mtandao wake bado utautoa kwenye simu, na huwezi kuitoa ndani ya daladala ya Uyole.

Ya tatu: iPhone iliyotumika

VoiceOver ni laini kuliko TalkBack, sibishi. Lakini iPhone tunazozimudu ni za zamani: iPhone 7 iliishia iOS 15 na iPhone 8 iOS 16, na programu za benki hazitazisubiri milele. Fungua orodha ya sauti uhakikishe una sauti ya Kiswahili kabla ya kutoa hata mia. Hakikisha pia akaunti ya mwenye simu wa kwanza imetolewa, la sivyo umenunua tofali. Ukitumiwa na ndugu aliye nje, pokea, sema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa.

Ya nne: kitochi

Vitufe vyake navipenda, na chaji inakaa siku kadhaa. Kwa kupiga na kupokea, mzee wa kijijini atafurahi. Lakini kwa mtandao, hapana: zile smart kitochi zenye mfumo wa KaiOS, WhatsApp imeshaacha kuzihudumia.

Mashine za kusoma nukta nundu, kama Orbit Reader 20 yenye seli 20 zinazopanda na kushuka chini ya vidole, sikuzipanga humu kwa sababu bei yake inazidi simu na kompyuta kwa pamoja. Kwa mtu asiyeona na asiyesikia, hata hivyo, mpangilio wangu wote unageuka: hiyo ndiyo ya kwanza, na ni ya kutafutiwa wafadhili.

Mwisho, simu feki. Piga *#06#, zitatokea tarakimu 15, zitume kwenda 15090 na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu ya aina gani. TalkBack inaweza kukusomea namba hiyo kama mamia ya trilioni ukabaki unashangaa. Badili usomaji uwe wa herufi, ushuke moja moja. Usimwache muuzaji akusomee. Na jibu lije kwenye laini yako.