Sekstanti ya kununua ukiwa Arusha au Moshi: anza na skrubu

Malalamiko ni yaleyale: mtu kanunua sekstanti, chombo cha baharia cha kupima pembe ya jua au nyota juu ya upeo wa bahari, ajifunze kabla ya kushuka pwani, kila akipima jua jibu linamtupa maili tatu nne kutoka alipo, naye analaumu mkono wake. Mara nyingi mkono hauna kosa. Skrubu ya ngoma, kile kigurudumu cha kusomea dakika za pembe, imelegea.

Ngoma ikizunguka mara moja, kielekezi, mkono unaobeba kioo, kinasogea digrii moja. Meno ya skrubu yakiliwa, au springi inayoikaza ikichoka, unageuza ngoma kioo hakitikisiki, kama usukani wa kifodi kilichochoka. Na dakika moja tu ya pembe, sehemu ya sitini ya digrii, ni maili moja ya baharini, mita 1,852.

Ukiwa Moshi, subiri asubuhi Kibo kikiwa wazi. Weka sifuri, lenga ukingo wa theluji, geuza ngoma kulia mpaka picha mbili, ya moja kwa moja na ya kupitia vioo, ziwe moja, soma. Pitiliza, rudi kwa kugeuza kushoto, soma tena. Fanya hivyo mara tano. Tofauti ya wastani ikizidi nusu dakika, rudisha chombo. Usilenge nguzo ya jirani: vioo viwili vimeachana sentimita kadhaa, na kwa kitu kilicho mita 200 hilo peke yake ni karibu dakika nzima.

Chaguo la kwanza ni Astra IIIB, na upendeleo sifichi. Ni ya Kichina, fremu ya aluminiamu, nyepesi. Chukua yenye kioo cha upeo, kile kidogo cha mbele ya darubini, cha nusu kwa nusu: nusu kinaakisi, nusu kiko wazi. Kile kizima kinafifisha nyota. Ya pili ni Freiberger ya Kijerumani au Tamaya ya Kijapani iliyotumika, mradi muuzaji akubali jaribio la Kibo. Davis Mark 15 ni plastiki: ikipata joto kosa la sifuri, yaani namba inayosomeka picha mbili zikiwa moja, linahama, lipime kila mara. Inatosha kujifunzia.

Bahari huku hakuna, kwa hiyo upeo wako ni trei ya oili chafu ya gereji, iliyokingwa upepo. Weka vioo vya giza pande zote mbili, kwani jua la kwenye oili nalo linaunguza jicho. Unapima kutoka jua la angani hadi taswira yake kwenye oili, kwa hiyo pembe unayosoma ni mara mbili ya kimo cha jua: sahihisha kosa la sifuri kwanza, ndipo ugawe. Sasa, matao mengi, ule upinde wenye namba za digrii, yanaishia digrii 120 au 125, na jua la adhuhuri Arusha halishuki chini ya digrii 63 mwaka mzima. Mara mbili yake ni 126. Pima kabla ya saa nne na robo asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri.

Zile za shaba zenye sanduku la mbao, nyingi ni mapambo ya sebuleni. Picha kumi mtandaoni, ya ngoma hata moja hakuna. Omba video ya skrubu ikigeuzwa, unajibiwa "mzigo mpya kabisa, dada". Bei wameandika kwa dola, usafiri juu yako, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja.