Seti ya kutengeneza chokoleti nyumbani kwa wenye mzio: kalibu safi, kijitabu cha hovyo

Nimeitumia seti hii kwa miezi minne na nimeshatoa mikupuo 11. Miwili ya kwanza iliishia kwenye pipa la taka, wa tatu ulitoka na rangi ya kijani, na kuanzia wa tano ndipo nikapata miche ya chokoleti ambayo hata asiye na mzio anaomba ya pili. Kwa mwenye haraka: kalibu na kipimajoto vinastahili kununuliwa. Kijitabu cha maelekezo hakistahili hata kufunguliwa. Na yale maandishi ya "salama kwa wenye mzio" juu ya boksi yameniudhi hadi leo.

Binti yangu ana miaka 8 na ana mzio wa karanga, korosho na maziwa. Mara ya mwisho alipokula kisichomfaa, midomo ilianza kuvimba kabla hajamaliza kutafuna, na tangu siku hiyo sindano ya adrenalini haitoki kwenye begi lake. Chokoleti za dukani tuliziacha zamani. Hata ile nyeusi, ambayo watu hudhani haina maziwa, mara nyingi hupita kwenye mashine zilezile za chokoleti ya maziwa, na mashine hizo haziogeshwi kwa maji ovyo kwa sababu maji na chokoleti havipatani. Kwa hiyo niliposoma juu ya boksi kwamba ndani mna kila kitu cha kutengenezea chokoleti isiyo na maziwa, karanga wala sukari ya kiwandani, nikanunua bila kuuliza maswali. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Ndani mlikuwa na kalibu ya silikoni yenye vishimo 8, kipimajoto cha kuchomeka, mwiko mdogo wa silikoni, pakiti ya siagi ya kakao, pakiti ya unga wa kakao, mfuko wa bisi za mchele na hicho kijitabu. (Mama yangu aliposikia "siagi" alishtuka. Siagi ya kakao haina tone la maziwa. Ni mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu za kakao.) Nikageuza pakiti ya unga wa kakao, na kwa herufi za kutafutia miwani nikasoma kwamba umefungashwa kwenye kiwanda kinachosindika pia karanga na maziwa. Yaani boksi linasema hivi, pakiti iliyomo ndani ya boksi inasema vile! Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba karanga haimo kwenye viambato. Hilo silo nililouliza.

Ngoja niliseme hili vizuri, maana wengi hawalijui. Sheria za lebo, kwa mfano za Marekani na Umoja wa Ulaya, humlazimisha mtengenezaji kutaja vizio vikuu (vitu vinavyoamsha mzio) anavyotia kwenye chakula: Ulaya viko 14, Marekani viko 9 tangu ufuta uongezwe mwaka 2023. Lakini lile onyo la "huenda kina chembe za karanga" kwa kawaida ni hiari yake. Pakiti isiyo na onyo inaweza kuwa imetoka kwenye mashine ileile iliyotoa pakiti yenye onyo. Siku hizi kila kiambato kipya namwandikia aliyekitengeneza na kumuuliza swali moja: je, mashine inayofungasha hiki hufungasha pia karanga, korosho au maziwa? Asiyejibu, simnunui. Unga wa kakao wa kwenye seti nilimpa jirani asiye na mzio, nikatafuta mwingine.

Kabla sijaendelea kumlaumu muuzaji, nikiri la kwangu. Blenda niliyokuwa nimepanga kusagia alizeti ndiyo ile tuliyokuwa tukisagia karanga kabla binti hajagunduliwa. Ilikuwa imeoshwa mara nyingi, inang'aa. Nilipofungua kitako chake na kubandua ule mpira mweusi unaozuia kuvuja, nilikuta mstari mwembamba wa kahawia umekauka kwenye mfereji wa mpira. Nikaukwangua kwa ncha ya kisu, nikaunusa. Karanga. Nilikaa chini jikoni pale. Blenda hiyo haipo tena nyumbani, wala mwiko wa mbao wa enzi zile, kwa kuwa mbao hunywa mafuta na huwezi kujua zimebaki na nini. Na mikono ni sabuni na maji. Ile jeli ya kuua vijidudu huua vijidudu tu. Protini ya karanga huiacha palepale kiganjani.

Sasa kupika. Utamu wote wa mche huu uko katikati, na katikati kuna vitu viwili: tende na mbegu za alizeti. (Kuna wenye mzio wa alizeti au ufuta pia, kwa hiyo usidhani mbegu ni salama kwa kila mtu, sisi tulimuuliza daktari kwanza.) Mbegu nazikaanga kwenye oveni kwa nyuzi 160 dakika 12 hivi, hadi zinukie na ziguswe na wekundu kidogo. Kisha nazisaga zingali za moto. Hapa panahitaji subira. Dakika mbili za kwanza unapata unga mkavu. Kisha unga unajikusanya kuwa donge linalogongagonga kuta za blenda, na kila anayefanya hivi mara ya kwanza huamini ameharibu. Usitie maji! Zima, kwangua kuta, acha injini ipoe, washa tena. Kwangu huwa ni dakika ya kumi hivi donge linapolainika ghafla, mafuta yanatoka, na blenda inabadilisha mlio kabisa, kutoka kugonga hadi kunguruma kwa upole. Ukichota kwa kijiko linatiririka kama uji mzito. Kijitabu kinasema "saga dakika tatu". Sijui aliyeandika alisaga nini.

Tende gramu 200, zimetolewa kokwa, nazilowesha kwenye maji ya moto robo saa, nazikamua, nazisaga na gramu 100 za alizeti iliyosagwa, chumvi ya kutosha kuhisiwa na kijiko kimoja au viwili vya maji yaleyale. Chumvi usiikwepe, bila hiyo ladha ni ya tende tu, ukiitia inakuwa karameli. Nachanganya na gramu 25 za bisi za mchele mwishoni kabisa, kwa mkono, ili zisilowe zikapoteza mlio. Mkupuo wangu wa tatu niliongeza bikaboneti (baking soda) kidogo ili ujazo, yaani huu mchanganyiko wa katikati, uwe mwepesi, kama kijitabu kilivyoshauri. Jioni ulikuwa na rangi nzuri ya karameli. Asubuhi nikaukata: ndani kijani, kijani cha mwani. Nilidhani ni ukungu. Kumbe alizeti ina asidi ya klorojeniki, nayo ikikutana na kitu chenye asili ya magadi hugeuka kijani. Haina madhara. Ila jaribu kumweleza hivyo mtoto aliyefundishwa tangu utotoni kukagua chakula kabla ya kukiweka mdomoni. Acha bikaboneti, au kama huna budi, kamulia ndimu kidogo.

Ganda la nje ndilo lililonila mikupuo miwili. Kijitabu kinaelekeza: yeyusha siagi ya kakao, tia unga wa kakao, tia vijiko vitatu vya asali, koroga. Nikakoroga. Kwa sekunde kama kumi ilikuwa inameremeta, kisha ikajivuta, ikawa tope zito kama udongo wa mfinyanzi huku mafuta yakijitenga pembeni. Nikarudia siku ya pili kwa sharubati ya mepo (utomvu mtamu wa mti wa mepo), ikawa vilevile au mbaya zaidi. Kosa si la mkono wangu. Asali ina maji, kama asilimia 17 hivi, na sharubati ya mepo ina karibu theluthi moja. Chembe za kakao zilizokuwa zikielea kwenye mafuta hunywa yale maji na kung'ang'aniana. Mtu anayeuza seti ya chokoleti alipaswa kulijua hili kabla ya kuchapisha kijitabu.

Dawa yake ni kuacha utamu wenye maji ubaki kwenye ujazo, na ganda lipewe utamu mkavu. Natumia gramu 100 za siagi ya kakao, 50 za unga wa kakao na 35 za sukari ya nazi niliyoisaga hadi iwe vumbi. Sukari haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo usipoisaga utatafuna mchanga. Ulimi huanza kuhisi chenga zikizidi kiasi cha maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na blenda ya nyumbani haifiki huko kwa urahisi. Ganda langu lina ukakasi kidogo. Tumeuzoea. Mwenye hofu na nazi aangalie mwenyewe: Marekani mamlaka ya chakula iliiondoa kwenye kundi la njugu za mitini (kama korosho) mwezi Januari 2025, lakini wapo wachache wenye mzio wa nazi yenyewe.

Kipimajoto ndicho kilichonifanya nisirudishe boksi. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti ya fuwele, na moja tu kati yake ndilo linalotoa ganda linalong'aa na kukatika kwa mlio. Ukiyeyusha na kumwaga tu, unapata ganda la kijivujivu, lenye mabaka meupe, linalolainika ukilishika. Nayeyusha theluthi mbili za siagi juu ya maji ya moto (bakuli lisiguse maji, na mvuke usiingie!) hadi nyuzi 45 au 50, natia kakao na sukari, kisha nashusha kwa kumwagia theluthi iliyobaki ikiwa imekwanguliwa, nakoroga hadi nyuzi 27, halafu napandisha tena hadi 31. Kipimajoto hiki kinasoma haraka na hakijanidanganya. Nilikijaribu kwenye maji yanayochemka na kwenye maji ya barafu. Mkupuo wa tano ulipokatika kwa "tap!", nilimwita kila mtu jikoni aje asikie.

Kijitabu kina njia ya mkato ya kutumia mafuta ya nazi badala ya siagi ya kakao. Ni rahisi, haitaki kipimajoto, na ladha si mbaya. Lakini mafuta ya nazi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 24, wakati siagi ya kakao huvumilia hadi karibu 34. Mche wa mafuta ya nazi ni wa kulia umesimama mbele ya friji. Wa binti yangu uliyeyukia kwenye begi na kulitia doa daftari la hesabu.

Kalibu yenyewe sina lawama nayo. Ni nene, miche inachomoka bila kung'ang'ania, kila kishimo kinabeba gramu 60 hivi. Ni laini mno kuibeba ikiwa imejaa, kwa hiyo iweke kwenye sinia kabla ya kumwaga, usije ukajifunza kama nilivyojifunza mimi. Silikoni hushika harufu ya sabuni yenye manukato, basi tumia isiyo na harufu. Miche inakaa wiki mbili kwenye friji. Ukiitoa, iache ndani ya chombo kilichofungwa hadi ipoteze ubaridi, la sivyo inatokwa jasho na ganda linaharibika.

Lipo neno moja zaidi la kwenye boksi: "bila sukari ya kiwandani". Nilikaa na kalamu. Tende ina sukari kama gramu 66 katika kila gramu 100. Kwa vipimo vyangu, mche mmoja unabeba zaidi ya gramu 20 za sukari, iwe imetoka mtini au kiwandani. Asali nayo, Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari za kuongezwa, na mtoto wa chini ya miezi 12 hapewi kabisa kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulini. Ni pipi. Tamu, isiyomfanya mwanangu avimbe midomo, lakini ni pipi, na kwetu mtu anapata nusu mche.

Nyota nne kwa kalibu na kipimajoto, moja kwa vilivyobaki. Kama muuzaji anaviuza peke yake, nunua hivyo tu, viambato utafute mwenyewe na uvifuatilie kimoja kimoja. Mimi nimeshaagiza kalibu ya pili, kwa sababu mkupuo wa kumi na mbili una masharti mapya. Binti ameomba niurudishe ule ujazo wa kijani, makusudi, ili darasani mtu asimwombe.